Mkutano wa wakutubi hauanzi na ratiba

Swali limekuja tena wiki hii: "Ratiba ya mkutano imetoka, nihudhurie mada zipi?" Muulizaji ni mkutubi wa sekondari, ana kibali na ana nauli, ila mpango wake ameuanzia mwisho. Ratiba hufunguliwa mwisho kabisa. Kinachofunguliwa kwanza ni daftari la kuazima.

Chukua la muhula uliopita, uhesabu vitabu vilivyotoka kwa kila kidato, kisha kwa kila namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu kwa masomo. Makundi ya mamia yanatosha (500, 600, 900), isipokuwa 896.392, fasihi ya Kiswahili, ambayo ihesabiwe peke yake. Kwa daftari la mkono ni kazi ya alasiri mbili. Mahali fulani utaona pengo. Tuseme kidato cha pili wanaazima nusu ya kidato cha kwanza. Usiharakishe kusema hawapendi kusoma! Daftari halioni kitabu kilichosomwa mezani, na pale ambapo vitabu vya kiada haviruhusiwi kutoka, usomaji mwingi ni huo wa mezani. Weka boksi mlangoni siku tano, mwanafunzi akimaliza kusoma aache kitabu humo, nawe uhesabu jioni kabla ya kuvirudisha rafuni. Hata hivyo wiki ya mitihani itakudanganya, na wapo watakaorudisha wenyewe kwa mazoea. Hesabu hii ina matundu, na sioni namna mtumishi mmoja anavyoweza kuyaziba yote. Lakini inatosha kukupa swali.

Na swali ndilo linalokosekana. "Kukuza utamaduni wa kusoma" si swali. "Maktaba ya kidijiti" si swali. Hizo ni mada, na ukizibeba hivyo mkutanoni kila kikao kitaonekana kinakuhusu: utakaa kwenye viti siku tatu, urudi na mfuko wa makabrasha ambao hautafunguliwa. Swali lina kidato, idadi na kikwazo ndani yake. Kwa mfano: kidato cha pili wana kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki, dakika 40, wanafunzi 55, mkutubi mmoja, nani ameweza kuazimisha bila foleni kumaliza kipindi? Ukimuuliza mtoa mada hivyo, atakujibu kwa dakika na hatua, au itaonekana hajawahi kufanya. Au hili: nakala 40 za tamthilia moja zikae rafuni pamoja na nyingine za 896.392, au ziwe seti ya darasa kabatini, na nani azisainie, mwalimu au mwanafunzi mmoja mmoja? Andika maswali matatu. Ukiandika kumi umerudi kwenye mada.

Maswali hayohayo ndiyo yanayoombea fedha. Dokezo kwa mkuu wa shule liwe ukurasa mmoja: pengo uliloliona, swali, gharama, na kitu kimoja kitakachobadilika muhula ujao. Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, wa maktaba za shule, toleo la pili la 2015, unaweza kuutaja, lakini takwimu za wanafunzi wake mwenyewe zitamgusa mkuu kuliko mwongozo wowote.

Gharama nitazipitia haraka. Ada ya usajili, nauli, malazi, chakula, usafiri wa mjini. SCECSAL, inayokutanisha wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, hufanyika kila baada ya miaka miwili na nchi mwenyeji hubadilika, kwa hiyo fedha yake huombwa kabla bajeti ya mwaka husika haijafungwa. Serikalini mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla ya kulipa ada ya asiye mwanachama, jumlisha ada ya uanachama na ada ya usajili ya mwanachama, kisha linganisha. Mtumishi wa umma wa Tanzania asikate tiketi ya nje kabla ya kibali cha safari. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa mpakani siku 10 baada ya kuchomwa. Ukishakuwa na kadi, tangu 2016 inahesabiwa ya maisha.

Sasa fungua ratiba. Weka kwanza warsha, kwa sababu viti vyake huisha na mara nyingi huandikishwa peke yake. Kisha weka mabango, yaani kazi zinazobandikwa ukutani badala ya kusomwa jukwaani, na hapa wengi wanapoteza. Kwenye kikao mtoa mada ana muda mfupi na maswali mawili matatu. Penye bango mwenye kazi amesimama mbele yako: muulize ilichukua saa ngapi, shilingi ngapi, na nini kilishindikana. Hilo la mwisho haliandikwi kwenye mihtasari. Vikao sambamba vichukue nafasi iliyobaki, visizidi vitatu kwa siku, na uache nusu saa kila jioni ya kuandika majibu chini ya maswali yako.

Ukiwa na bango lako mwenyewe, A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Lichapishwe kwenye kitambaa likunjike begini, maandishi yasipungue pointi 24.

Kwenye meza za wauza programu usiulize bei kwanza. Uliza kama data zako zitatoka kwa MARC 21, muundo wa rekodi za vitabu unaosomwa na programu nyingi za maktaba, siku utakapowahama, kama kuazimisha kunaendelea intaneti ikikatika, na nani ataingiza vitabu. Koha, programu huria ya maktaba, ni bure kwa leseni. Seva, nakala rudufu na mikono ya kuingiza data si bure. Vitabu 3,000 kwa dakika tano kila kimoja ni saa 250, na vile vya zamani visivyo na ISBN huchukua zaidi kwa kuwa skana haina cha kusoma. Nani atazitoa saa hizo shuleni kwako?

Ripoti ndefu ya baada ya mkutano nina shaka nayo, ingawa kila kitabu cha taaluma kinaidai. Peleka ukurasa mmoja wa maswali na majibu, pamoja na risiti za kurejesha masurufu, ndani ya wiki mbili.

Kuna jambo linalosahaulika hadi asubuhi ya safari: maktaba yenyewe. Usiifunge. Wanafunzi wasaidizi wawili kwa zamu, kusoma kuendelee, kuazima kusimame, ufunguo abaki nao mwalimu mmoja tu. Tarehe za kurudisha zisiangukie wiki hiyo. Zisogeze mbele unapogonga muhuri, wiki mbili kabla hujaondoka.