Kabla Hujauza Laptopu Ukanunue MPC

Ujumbe unaoingia kwangu mara kwa mara kutoka kwa maprodyuza wanaoanza ni huu: “Braza, niuze laptopu nichukue MPC?” MPC ni mashine ya Akai ya kutengeneza biti kwa kugonga pedi. Wameona video za jamaa amekaa barazani, mashine mapajani, hakuna kompyuta karibu, anagonga pedi na biti inatoka ya moto. Mimi huwajibu kwa swali: unarekodi waimbaji? Kama unarekodi, na kwa sisi wa Dar karibu wote tunaishi kwa kurekodi waimbaji, usiuze kitu. Ngoja nieleze, maana mashine hizi nazipenda na ninayo mezani, sizisemi kwa wivu.

Kwanza, mashine inayojitegemea ni kompyuta. MPC Live ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na prosesa ya ARM, jamii ileile ya prosesa zilizomo kwenye simu, na RAM ya GB 2. Mshindani wake, Maschine+ ya Native Instruments, ikafuata 2020 na GB 4. Push 3 ya Ableton ya 2023, lile toleo lisilohitaji kompyuta, ina Intel Core i3, RAM ya GB 8 na diski ya GB 256. Mtu akikusomea sifa hizo dukani Kariakoo bila kukuonyesha kifaa, utadhani anakuuzia laptopu ya ofisini. Tofauti ni kwamba hii imepewa kazi moja tu. Haifungui WhatsApp, haijisasishi msanii akiwa katikati ya mstari, na haikuulizi leseni ya plagini (programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya muziki) uliyoipakua sijui wapi.

Zamani ilikuwa vingine, na hadithi nyingi za utamu wa mashine zinatoka huko. SP-1200 ya E-mu, ya mwaka 1987, ilikuwa na sekunde 10 tu za sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, kwa jumla, na hakuna sampuli moja iliyoruhusiwa kuzidi sekunde mbili na nusu. MPC60 ya Akai ikaja 1988 na sekunde 13 na kitu. Maprodyuza wa hip hop kule New York walikuwa wanacheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wanairekodi ikiwa inakimbia ili ienee kwenye nafasi ile ndogo, kisha wanaivuta chini ndani ya mashine. Ule ukwaruzo unaosikika kwenye ngoma zao ulitokana na shida. Leo unanunua plagini ya kuiga shida hiyo, na wapo wanaoilipia bila kujua wanalipia nini.

Halafu kuna suala la swingi, ile mashine kuchelewesha kidogo noti moja kati ya kila mbili ili biti iyumbe. Nimesikia mara nyingi kwamba swingi ya MPC haipatikani kwingine. Mbunifu wa MPC60, Roger Linn, alishaiweka swingi kwenye mashine yake ya ngoma, LM-1, tangu 1980, na siri yake ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua kasi ya mapigo 90 kwa dakika. Pigo moja linachukua milisekunde 667. Ligawe mara nne, unapata vipande vya milisekunde 167 hivi. Sasa vipange viwiliviwili. Swingi ikiwa asilimia 50, kipande cha pili kinaangukia katikati kabisa ya jozi, yaani hakuna swingi. Ipandishe hadi 54, kipande cha pili kinachelewa kwa milisekunde 13 hivi. Ukifika 66 umeshaingia kwenye mwendo wa tatutatu, kama vile jozi imegawanywa mara tatu. MPC60 ilikuwa inagawa pigo moja katika hatua 96, kwa hiyo kwa kasi ya 90 kila hatua ni milisekunde 7, na ile 54 inayosifiwa ni kuchelewa kwa hatua mbili. Basi. Kwenye programu za muziki za kompyuta, Ableton Live inakuja na mipangilio ya swingi iliyoandikwa jina la MPC kabisa, na FL Studio ina kitufe chake cha swingi. Waliokwenda mbali zaidi ya hapo, kama prodyuza J Dilla wa Detroit, mara nyingi hawakuiachia mashine iwanyooshee noti. Ule mlegeo ulikuwa wa vidole vyao. MPC3000 ya Dilla iko makumbusho ya Smithsonian, Washington. Ukiipewa leo hutatoka na biti za Dilla.

Na kama unafanya singeli, sahau kabisa. Kwa kasi ya 240 ile swingi ya 54 inasogeza noti milisekunde 5. Nani atacheza tofauti kwa sababu ya hizo?

Jambo ambalo mashine inashinda kweli, na halisemwi vya kutosha, ni muda kati ya kidole kugusa pedi na sauti kutoka. Kompyuta haitoi sauti nukta kwa nukta, inaikusanya kwenye bafa, ghala dogo la muda, kisha inaimwaga. Sampuli hapa ni zile nukta za sauti, na kwa kawaida zinapita 44,100 kila sekunde, kwa hiyo bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 3. Sampuli 512 ni karibu 12. Sampuli 1,024 ni 23, na laptopu nyingi zilizochoka, zenye draiva (programu inayounganisha kompyuta na kifaa cha sauti) ya kuungaunga na projekti iliyojaa plagini, zinafanya kazi hapo maana ukiishusha bafa, sauti inakatikakatika. Milisekunde 23 kwenye zouk ya taratibu utavumilia. Kwenye singeli ya 240, kipande kimoja kidogo, robo ya pigo, ni milisekunde 62, kwa hiyo unasikia ulichogonga ikiwa theluthi nzima ya kipande imeshapita. Utajiona hujui kupiga kumbe unajua. Ndiyo sababu wengi wetu tumezoea kuchora ngoma kwa mausi badala ya kuzipiga.

Kwenye mashine, kiwanda kinajua saketi ni hii moja na draiva ni hii moja, kwa hiyo bafa imepangwa fupi na inabaki hivyo leo na mwakani. Lakini zingatia: saundi kadi nzuri (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti) yenye draiva yake mwenyewe inakufikisha pale pale kwenye laptopu, kwa bei ndogo kuliko MPC. Wengi wanaotaka kuuza laptopu wanahitaji saundi kadi tu.

Sasa turudi kwa waimbaji. Wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva unaoingia kwangu una sauti kuu, dabo (marudio ya kuinenepesha) ya sauti kuu, itikio la sauti tatu au nne ambalo kila moja imerudiwa kulia na kushoto, na zile kelele za pembeni ambazo msanii anazikumbuka dakika ya mwisho. Kila mstari umeimbwa mara kadhaa, na kazi yangu ni kuchukua neno kutoka huku na mwisho wa sentensi kutoka kule, kupunguza pumzi, kunyoosha noti zilizoteleza bila msanii kugeuka roboti asipotaka. Kazi hiyo inataka kioo kikubwa, mausi na traki zisizohesabika. MPC Live ilipotoka ilikuwa na traki 8 za sauti inapojitegemea. Programu zake zimekua tangu hapo, na plagini za kunyoosha sauti zimeingia, lakini kukatakata sauti kwa kidole kwenye kioo cha inchi 7 msanii akiwa anakusubiri nyuma ya mlango ni adhabu. Mashine hizi zilibuniwa na watu wa biti kwa ajili ya watu wa biti. Kwetu biti ni nusu ya mzigo, na si nusu inayolipa vizuri.

Umeme ukikatika? Hapo watu hudhani mashine imeshinda moja kwa moja. Angalia unachonunua. MPC Live ina betri ndani. MPC One haina, ukikatika umezimika nao. Push 3 inakaa kama saa mbili. Roland SP-404MKII inatumia betri sita za AA au pawabenki kwa USB-C, hii ndiyo ya kwenda nayo kijijini. Laptopu yako nayo ina betri, na kama imekufa, kubadilisha betri ni nafuu kuliko kubadilisha mfumo mzima wa kazi.

Kwa hiyo mashine yangu naitumia wapi? Jukwaani, kwanza. Kupiga biti laivu na msanii anayependa kurukaruka na kurudia itikio bila taarifa ni raha kwa pedi, na ni mateso kwa mausi. Pili, asubuhi kabla wateja hawajaja, kwa sababu kwenye mashine siwezi kuanza kutafuta kiki (ngoma nzito ya chini) ya mia mbili na moja kwenye folda. Nina zilizomo, nazipiga, biti inaisha au inatupwa. Tatu, kukata sampuli za rekodi zangu mwenyewe za magita na marimba. Nyimbo za watu sizigusi bila ruhusa, na wewe usiziguse. Nyimbo za zamani za dansi zina wenyewe.

Biti ikishaiva naitoa kila traki peke yake kama faili la sauti la WAV, zote zikianzia baa ya kwanza hata kama chombo kinaingia baa ya thelathini, na kasi naiandika kwenye jina la faili. Naziingiza kwenye kompyuta, sauti zinarekodiwa juu yake. Hapa kuna mtego mmoja. MPC inapojitegemea inafanya kazi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde (44.1), SP-404MKII kwa 48,000 (48). Programu nyingi hubadilisha zenyewe, ila faili la 44.1 likisomwa kama la 48 wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusutoni moja na nusu. Msanii ataimba vizuri kabisa juu ya ufunguo ambao haupo kwenye kinanda chochote, na mpiga gita akija kesho yake hataupata. Linganisha kasi na mashine kabla hujaruhusu mtu avae hedifoni.

Ukiamua kununua, na ya mtumba ndiyo wengi wetu tutaipata, igonge kila pedi kwa wepesi, si kwa nguvu, maana pedi mbovu huitika ukiitwanga na hunyamaza ukiigusa. Zungusha kila kifundo ukiangalia namba kwenye kioo, zisiruke. Hifadhi projekti kwenye kadi, izime, iwashe, ifungue tena mbele ya muuzaji. Kama ni ya betri, chomoa waya upige nusu saa. Na soma volti kwenye adapta yake kwa macho yako. Hazifanani, na mtu wa dukani atakuambia zote ni sawa.