Springi za Mbele za Land Cruiser Pikapu: Dhana Potofu na Ukweli

Mwenye Land Cruiser 79 akishafunga bampa zito la chuma na winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari lililokwama), pua ya gari hushuka, naye huambiwa kwamba dawa yake ni kuinua mbele. Ushauri huo una sehemu ya ukweli, lakini umezungukwa na dhana zinazompotezea fedha na, lililo baya zaidi, zinazomwondolea usalama barabarani.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba gari likiinuliwa kwa springi ndefu litapita juu ya mawe makubwa zaidi. Tangu mwaka 1999, pikapu hii imekuwa na springi za koili mbele badala ya zile za bapa, lakini ekseli yake ya mbele imebaki kuwa bomba moja linalounganisha magurudumu yote mawili, na difu, yaani kasha la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imo katika bomba hilo hilo. Springi ndefu huinua chasi na bodi, ilhali difu, ambayo ndiyo inayogonga jiwe, hubaki pale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi: kipenyo cha tairi kikiongezeka kwa milimita 50, difu hupanda milimita 25. Springi ndefu zina faida yake, kwa kuwa hutoa nafasi ya tairi kubwa na huzuia pua isigonge ukingo wa korongo, ila faida hiyo isichanganywe na ile ya tairi.

Wengine husema kwamba shokapu ngumu hubeba uzito. Shokapu haibebi gari. Kazi hiyo ni ya springi. Shokapu hutuliza mrusho wa springi kwa kulazimisha mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mrusho huo hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana katika barabara ndefu ya vumbi iliyojaa makunyanzi shokapu dhaifu huchemka, mafuta yake hutoa povu, na gari huanza kuelea. Ambaye gari lake limeshuka pua kwa sababu ya winchi, akabadilisha shokapu peke yake, atabaki na pua iliyoshuka.

"Bampa na winchi ni kilo mia tu" ni kauli inayosahau mahali uzito huo unapokaa. Tuseme kilo 100 zimening'inia sentimita 90 mbele ya ekseli, na umbali kati ya ekseli mbili za 79 ya mlango mmoja kila upande ni milimita 3,180. Kwa kanuni ya nyenzo, ekseli ya mbele itaongezewa takriban kilo 128, na ya nyuma itapunguziwa takriban kilo 28. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, gari lipelekwe kwenye mzani likiwa na vifaa vyake vyote, kila ekseli ipimwe peke yake, na springi ichaguliwe kwa uzito uliopatikana hapo.

Hapo ndipo inapoanguka pia imani kwamba springi ngumu kupita zote ndiyo imara kupita zote. Springi iliyoundwa kwa ajili ya winchi ikifungwa kwenye gari lisilo nayo haibonyei vya kutosha, gurudumu huruka badala ya kufuata barabara, na tairi lisilogusa ardhi halifungi breki wala halipindi kona. Mshtuko ambao springi ingeumeza huishia kwenye chasi na mahali shokapu zinapofungwa, na huko ndiko nyufa zinakoanzia. Kipande cha kuongezea kinachowekwa juu ya springi nacho hakiongezi ugumu wowote, huinua tu. Vivyo hivyo kwa Hilux za kabla ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 zenye fimbo za msokoto mbele, yaani fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kusokotwa: kukaza boliti ya fimbo hiyo hupandisha gari bila kuifanya fimbo iwe ngumu zaidi, na hupunguza nafasi ya gurudumu kushuka shimoni.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni dhana kwamba mtetemo mkali wa stelingi baada ya kuinua gari huponywa kwa kufunga shokapu ya stelingi iliyo kubwa zaidi. Ekseli ya 79 hushikwa na mikono miwili inayozuia isiende mbele na nyuma, pamoja na fimbo ya Panhard inayozuia isihame kushoto na kulia. Chasi ikipanda, mikono hiyo huizungusha ekseli na kupunguza pembe ya kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma unaoifanya stelingi irudi yenyewe baada ya kona, huku fimbo ya Panhard ikiivuta ekseli upande mmoja. Gari huanza kutangatanga. Bushi (mipira ya kwenye maungio) zikiwa zimelika, au ncha za tairodi (fimbo za kupindisha magurudumu) na beringi za kingipini (egemeo ambalo gurudumu hupindia) zikiwa zimelegea, tuta dogo linatosha kuamsha mtetemo ambao dereva hawezi kuutuliza mpaka apunguze mwendo. Shokapu ya stelingi huficha dalili hizo huku ulegevu ukiendelea kukua. Tiba ni kubadilisha vilivyolika kwanza, kisha kurudisha kasta kwa bushi zenye tundu lililosogezwa au kwa mikono iliyoundwa kwa kimo hicho, kufunga fimbo ya Panhard inayorekebishika urefu, na mwishowe kupima mpangilio wa magurudumu kwa mashine.

Springi mpya pia haziongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Kikomo kilichowekwa na kiwanda kinahusu ekseli, beringi, chasi na breki kwa pamoja, na hivyo havikubadilishwa.

Fundi akimaliza, ainue chasi hadi magurudumu yaning'inie kabisa, aone kama mipira ya breki haijakazika, kisha ashushe mwelekeo wa taa za mbele.