Leseni ya mtandao kwa chumba cha kompyuta: seva moja, poti mbili

Shule ya ufundi ya Lubumbashi inayofundisha uchoraji wa majengo au wa mitambo haina haja ya kununua au kuomba leseni kwa kila kompyuta. Leseni ya mtandao huhesabu nafasi zinazotumika kwa wakati mmoja. Vyumba viwili vya kompyuta 20 kila kimoja, vikitumia AutoCAD, programu ya kuchora, kwa zamu, vinatoshewa na nafasi 20. Na kwetu kuna faida kubwa zaidi: seva, yaani kompyuta inayogawa nafasi, imo ndani ya shule. Intaneti ikipotea, somo linaendelea.

Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, na SOLIDWORKS, programu nyingine ya uchoraji, hugawa leseni zao za mtandao kwa FlexNet, programu nyepesi isiyodai mashine ya bei. Laptopu ya zamani yenye tundu lake lenyewe la kebo ya mtandao inafaa kuliko kompyuta ya mezani, maana umeme wa SNEL ukikatika betri inaivusha. Izuieni isilale, hata kifuniko kikifungwa. Msitegemee adapta ya USB ya mtandao: leseni hufungwa kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, na siku adapta itakapopotea au kuhamishwa, seva itakataa kwa kosa la -9.

Kabla ya kuomba faili la leseni, ipeni seva jina la kudumu na anwani ya IP (namba yake ndani ya mtandao) isiyobadilika, kwa mfano 192.168.10.5. Kisha andikeni getmac /v katika Command Prompt ya Windows mchukue MAC ya kadi ya kebo, siyo ya Wi-Fi. Jina likibadilishwa baadaye, mnaweza kulisahihisha wenyewe katika mstari wa SERVER. MAC haisahihishwi kwa mkono. Lazima faili jipya. Angalieni pia faili la leseni lisihifadhiwe kama .lic.txt badala ya .lic, jambo ambalo Notepad hulifanya bila kuuliza.

Sasa poti, yaani milango yenye namba ambayo programu hupokelea maombi ya mtandao, maana hapa ndipo wengi hukwama. FlexNet huendesha programu mbili: lmgrd, inayopokea ombi la kwanza, na programu ya mtengenezaji, ambayo kwa Autodesk ni adskflex. Ya kwanza hutumia poti kati ya 27000 na 27009. Ya pili, isipopangiwa, huchagua poti yoyote kila inapowashwa. Fundi hufungua 27000, hujaribu kwenye seva yenyewe, huona inafanya kazi, lakini kompyuta za wanafunzi zinapata kosa la -15: haziwezi kuifikia seva. Dawa ni kuandika hivi katika faili la leseni:

SERVER SEVA-DESSIN 001A2B3C4D5E 27000
USE_SERVER
VENDOR adskflex port=2080

kisha kufungua poti zote mbili, 27000 na 2080, za TCP, kwenye pare-feu ya Windows, kinga inayozuia miunganisho. Hakikisheni sheria hiyo inahusu pia mtandao wa aina ya Public, kwa kuwa Windows mara nyingi huuweka mtandao wa shule katika kundi hilo. SOLIDWORKS ina poti zake: 25734 na 25735.

Katika LMTOOLS, programu ya kusimamia FlexNet kwenye seva, inayofunguliwa kwa haki za msimamizi, wekeni alama kwenye Use Services na Start Server at Power Up. Kwenye kompyuta za wanafunzi, ongezeni katika variables d'environnement (thamani za Windows ambazo programu huzisoma), upande wa mfumo na siyo wa mtumiaji: ADSKFLEX_LICENSE_FILE yenye thamani 27000@192.168.10.5. Halafu kutoka kwenye seva, amri ya lmutil lmstat -a itaonyesha nani ameshika nafasi. Kama wanafunzi wote huingia kwa akaunti moja ya "eleve", jina la kompyuta ndilo pekee litakalowatofautisha, basi ziiteni SALLE1-01, SALLE1-02 na kuendelea.

Laptopu ikivuka giza huku kompyuta za mezani zikizimika ghafla, seva inaweza kuendelea kuhesabu nafasi zile kuwa zimeshikwa. Umeme ukirudi, darasa linapata kosa la -4: nafasi zimekwisha. Kitufe cha ReRead katika LMTOOLS hakisaidii, bonyezeni Stop Server, kisha Start Server, kabla wanafunzi hawajafungua michoro. Mstari wa TIMEOUTALL 1800 katika adskflex.opt, faili la mipangilio ya hiari, hurudisha nafasi ya programu iliyoachwa wazi bila kazi kwa nusu saa. Mstari wa RESERVE katika faili hilo uogopeni: nafasi iliyotengewa chumba kimoja haipatikani kwingine, hata chumba hicho kikiwa kitupu.

Mkiamua kutumia kompyuta ya mezani iliyozeeka, badilisheni kwanza betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiwa imekufa, kila umeme unapokatika saa hurudi miaka nyuma, na FlexNet hudhani mtu anadanganya tarehe ili arefushe leseni. Hilo ndilo kosa la -88. Kuweka saa sawa bila kubadilisha betri kunawasukuma tu hadi umeme utakapokatika tena.

Mfumo wa seva tatu zinazosaidiana waachieni makampuni. Unadai angalau mbili ziwe hai kila wakati, na shule iliyo na fundi mmoja wa informatiki itapata matatizo matatu badala ya moja.