Webmeili kwenye hostingi ya kushea: tunayoaminishana Kigoma na ukweli wake

Biashara nyingi hapa mwisho wa reli siku hizi zina domeini ya .co.tz, wanaopeleka wageni Gombe na Mahale, wenye gesti, wanaovusha mizigo kwenda Kalemie na Bujumbura, na karibu wote wako kwenye hostingi ya kushea, yaani seva moja inabeba websaiti za watu kibao, wewe unapewa akaunti yako ya cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia websaiti na imeili, na imeili unasomea humo humo kwenye webmeili, ndani ya browza. Hakuna ubaya kabisa, ni bei nafuu na inafanya kazi. Shida ni maneno tunayopeana kuhusu usalama wake, mengine yanatia watu hasara kweli.

"Nikiona kafuli kwenye browza, imeili zangu ziko salama"

Kafuli linakulinda njiani tu. Mtu mliyeunganishwa naye kwenye waifai moja ya gesti pale Mwanga hawezi kusoma paswedi yako inapotoka kwenye simu kwenda kwenye seva, basi, hapo ndo mwisho wa kazi ya kafuli. Tapeli naye anaweza kusajili domeini inayofanana na yako akapata kafuli lake bure. Na barua ikishafika kwenye seva inakaa pale inasomeka, mwenye seva akitaka kuiona anaiona. Sasa wewe unayepokea kopi za pasipoti za wageni, kwa nini ziendelee kulala kwenye inboksi miaka na miaka? Safari ikiisha zifute, na folda ya takataka uimwage pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, hata mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Na kabla hujaandika paswedi angalia anwani yenyewe. Webmeili ya cPanel ina milango miwili, yaani namba inayokaa mwishoni mwa anwani, 2095 ambao hauna ulinzi na 2096 wenye SSL, ule ulinzi unaoleta kafuli. Seva nyingi zinakuhamisha zenyewe kwenda 2096 ila siyo zote, kama yako inakuacha 2095 waambie hosti wawashe huko kuhamishwa, ni kazi ya dakika.

"SSL ni ya kulipia"

Hapana. Let's Encrypt wanatoa vyeti vya SSL bure tangu 2015, cheti kinadumu siku 90 na cPanel ina AutoSSL inayokihuisha yenyewe. Kinachokwamisha mara nyingi ni DNS, yaani rekodi zinazoonyesha jina la domeini liko kwenye seva gani, umehamisha domeini kwingine halafu jina la mail au webmail halielekei tena kwenye seva ile, cheti kinagoma kuhuishwa, browza inaanza kutoa onyo jekundu na watu ofisini wanabonyeza "endelea" kila asubuhi kama kawaida. Msizoee hilo onyo jamani. Angalia tarehe ya simu kama iko sawa, ikiwa sawa basi mpigie anayekuhost.

"Mimi mfanyabiashara mdogo, nani ahangaike kunidukua"

Hakuna anayekuchagua. Ni programu zinazunguka intaneti usiku kucha zikijaribu paswedi kwenye kila anwani zinayoikuta, info@ ndo ya kwanza, na zikiingia zinafanya moja kati ya mawili, kutuma spamu kwa jina lako au kukaa kimya zinasoma.

Hiyo ya kukaa kimya ndo inauma. Kuna jamaa wa mizigo, mteja wake wa ng'ambo ya ziwa alilipa invoisi kwenye akaunti ya benki isiyo ya jamaa, na paswedi ilishabadilishwa mara mbili kabla ya hapo. Tulipofungua ukurasa wa filta, yaani kanuni za kupanga barua zenyewe zinapoingia, tukakuta moja imepewa jina la nukta tu, ".", ndani yake imeandikwa hivi: barua yoyote yenye neno invoice au payment, tuma kopi kwenye gmail fulani, halafu iweke kwenye folda ambayo hakuna mtu anayeifungua. Kubadilisha paswedi hakufuti filta. Aliyeingia mara moja mwezi wa pili anaendelea kupokea barua zako mpaka mwezi wa kumi bila kuingia tena. Kwa hiyo ukishtuka, badilisha paswedi, ndiyo, halafu pitia filta za kila anwani, filta za akaunti nzima, na fowada zinazopeleka barua kwenye anwani nyingine, moja moja. Na mabadiliko ya akaunti ya benki yathibitishwe kwa kupiga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye imeili.

"Hatari ni majirani kwenye seva"

Kidogo. Jirani akituma spamu anwani ya IP mnayoshea, yaani namba ya seva kwenye intaneti, inaweza kuingia kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu na barua zako zikarudishwa, hilo lipo na dawa yake ni kumbana hosti. Ila kusoma barua zako, hatari iliyo karibu zaidi ni websaiti yako mwenyewe. Kwenye cPanel barua zinakaa kwenye folda ya mail ndani ya akaunti ile ile yenye WordPress yako, programu inayoendesha websaiti, mdukuzi akiingia kupitia plagini, yaani nyongeza yake, ya zamani ambayo haijaguswa, barua zote ziko mbele yake na paswedi ya imeili hata haihitaji. Vivyo hivyo Roundcube, programu ya webmeili, uliyojiwekea mwenyewe ukaisahau. Juni 2025 lilizibwa tundu lililokaa humo zaidi ya miaka 10, matoleo yaliyozibwa ni 1.6.11 na 1.5.10, na ili kulitumia mdukuzi alihitaji kuingia na akaunti moja tu, hata ya karani mwenye paswedi 123456.

"Barua zinaenda spamu kwa sababu sina SSL"

SSL ya websaiti haihusiani, kinachoangaliwa ni rekodi za DNS zinazothibitisha mtumaji. Tangu Februari 2024 Gmail wanataka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), na wanaotuma barua zaidi ya 5000 kwa siku wawe navyo vyote pamoja na DMARC (maelekezo ya kufanya nini barua ikishindwa uthibitisho). Weka vyote vitatu tu hata kama unatuma kumi. SPF iwe rekodi moja kwa domeini, ukiweka mbili zote zinahesabika mbovu, na ukikuta fundi amekuwekea +all mwishoni itoe leo leo, maana yake umeruhusu seva yoyote duniani itume kwa jina lako.

"Barua ziko kwenye seva, bekapu ya nini"

Kama kompyuta ya ofisi imeungwa kwa POP3, njia ya kushusha barua kwenye kompyuta, huenda inazivuta na kuzifuta kule kwenye seva. Tumia IMAP, inayoziacha kwenye seva, mlango 993, kutuma 465 au 587, na mara moja kwa mwezi shusha bekapu ya akaunti nzima uiweke kwenye diski isiyokaa ofisini.