Draivu inasoma CD lakini haichomi: tuanzie wapi?

Wateja wengi huniletea kompyuta wakiwa tayari na utetezi: "Fundi, draivu ni nzima, mbona inasoma vizuri tu." Kusoma hakuthibitishi chochote. Leza inaposoma hutumia nguvu kidogo mno. Inapochoma, yaani inapoandika data, nguvu hupanda mara nyingi zaidi kwa sababu lazima iunguze tabaka la rangi lililo ndani ya CD-R, ile CD tupu ya kuchomwa. Leza iliyochoka huweza kuendelea kusoma muda mrefu baada ya kushindwa kuchoma.

Kwanza tazama uso wa trei. Ukikuta pameandikwa DVD-ROM, achana nayo: hiyo ni ya kusoma tu, na kompyuta za mtumba huja nayo mara kwa mara.

Kama ni ya kuchoma, swali langu linalofuata ni hili: DVD inachoma? Draivu ya DVD ina leza mbili, nyekundu ya nanomita 650 kwa ajili ya DVD na nyingine ya 780, isiyoonekana kwa macho, kwa ajili ya CD. Moja hufa ikaiacha mwenzake. Kwa hiyo ikichoma DVD bila shida na kukataa kila CD, sihangaiki na Windows.

Nimesema kila CD. Jaribu za kampuni nyingine kabla ya kuhukumu, maana kabla ya kuandika, draivu hupima nguvu ya leza kwenye sehemu ndogo karibu na kitovu cha CD, na CD za bei ya kutupa hufeli hapohapo. Punguza kasi pia, kutoka 52x hadi 16x au 24x.

Ikikataa CD na DVD zote, ndipo natazama umeme na programu. Draivu ya nje ya USB ina njaa ya umeme wakati wa kuchoma, na tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 tu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishie kwenye kigawanyio cha USB (hub). Upande wa Windows, ingia Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta, iondoe draivu, kisha washa upya. Mfumo utaitambua wenyewe. Isiposaidia, mara nyingi chanzo ni mabaki ya programu za zamani za kuchomea, yaani maingizo ya UpperFilters na LowerFilters ya draivu hiyo ndani ya rejista (registry), hazina ya mipangilio ya Windows. Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kuyafuta.

Lenzi yenye vumbi isafishe taratibu kwa pamba na spiriti ya isopropili. Ila wapo mafundi wanaozungusha kiskrubu kidogo cha kuongeza nguvu ya leza. Wakatalie. Itachoma kwa muda, kisha leza iungue moja kwa moja, wakati draivu ya SATA ya kompyuta ya mezani hubadilishwa kwa skrubu nne na waya mbili.