Kisu cha mfukoni kwa mtu wa Mtwara na Lindi: anza na chumvi

Ukiishi Mikindani, Msangamkuu au Kilwa Masoko, adui wa kwanza wa kisu chako ni chumvi. Kutu yenyewe mara nyingi haianzii kwenye bapa unaloliona. Inaanzia kwenye pini ya kukunjia. Maji ya bahari au jasho la mfukoni huingia kati ya bapa na mpini, maji yakakauka, chumvi ikabaki, na kila usiku wenye unyevu huvuta maji upya.

Chuma kinachoitwa cha pua nacho huathirika. Kinajilinda kwa utando mwembamba unaotokana na kromiamu, na ili uitwe utando wa kutegemewa chuma kinahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Chumvi hutoboa utando huo vitundu vidogo kama vya sindano. Palipo wazi utando hujirudi kwa msaada wa hewa. Ndani ya maungio hewa haifiki vizuri, kwa hiyo kitundu kinazidi kuchimbika.

Ndiyo maana mvuvi, au yeyote anayelowana kila siku, ningemshauri aachane kabisa na kisu cha kukunja. Achukue kisu cha bapa moja lisilokunjwa, mpini wa plastiki au mpira, na ala ya plastiki yenye tundu chini ili maji yatoke. Mora Companion ya chuma cha pua ni mfano mzuri: bapa la sentimita 10 hivi, chuma cha 12C27 chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu 13.5. Kinanoleka upesi kwenye jiwe la kawaida. Ala ya ngozi iache nyumbani, maana ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia kwenye bapa usiku kucha.

Kwa karani wa ghala, dereva au mkulima, kisu cha kukunja chenye bapa la sentimita 7 hadi 9 kinatosha kukata uzi wa gunia, kumenya muhogo na kufungua boksi. Hapo angalia sana jina la chuma. 12C27 na 420HC ni salama. D2, ambacho kimejaa kwenye visu vya kukunja vya bei nafuu, kina kromiamu kama asilimia 12, lakini sehemu kubwa imefungwa na kaboni ndani ya chembe ngumu na haibaki ya kulinda uso. Dodoma kitakufaa miaka mingi, ufukweni kitakuchosha. Kuna pia H1, chuma ambacho kampuni ya visu ya Spyderco imekitumia, kilichopunguzwa kaboni na kuongezewa naitrojeni. Karibu hakishiki kutu kabisa, ila makali yake hupungua mapema na bei yake ni kubwa.

Opinel, kisu cha Ufaransa kilichoanza mwaka 1890, ni chepesi na bapa lake jembamba linakata vizuri ajabu. Tatizo ni mpini wa mti. Wakati wa masika mti huvimba na kulibana bapa ndani, usiweze kulifungua kwa kucha. Ukikipenda, chagua chenye bapa la chuma cha pua.

Wauzaji wengi hupima kwa sumaku: ikinasa, wanasema si chuma cha pua. Kipimo hicho hakifai kwa kisu. Chuma cha pua cha visu vingi ni cha aina inayokubali kukomazwa kwa moto, na aina hiyo hunaswa na sumaku. Cha kupima dukani ni loki, yaani kizuizi kinacholishika bapa lisijikunje ukiwa unakata. Fungua kisu, weka vidole nje ya njia ya bapa, gonga mgongo wake polepole kwenye ubao mara tatu. Loki ikiachia, kirudishe. Kisha tikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza kikiwa kipya, baadaye litazidi.

Vifaa vingi kwa pamoja? Leatherman, plaizi inayokunjwa yenye kisu na vifaa vingine ndani, inakufaa ikiwa kila siku unashika plaizi: kutoa ndoana, kukaza waya wa pikipiki. Ina uzito: aina yake ya Wave inapita gramu 200, wakati Victorinox Spartan, kisu kidogo cha Uswisi chenye vifaa vingi, ni kama gramu 60. Kumbuka Spartan haina loki, kwa hiyo usiisukume kwa ncha. Na kila kifaa unachoongeza ni maungio mengine ya kuosha.

Msimu wa korosho, usipasue korosho mbichi kwa kisu unachomenyea chakula. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na maji matupu hayayatoi. Vaa glavu, pangusa bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, ndipo uoshe kwa sabuni. Kisu cha mhunzi kilichofuliwa kwa springi ya gari kitageuka cheusi kwa maji ya mabibo. Weusi huo hauna madhara. Wekundu ndio wa kushughulikia.

Kunoa: bapa likiwa na upana wa milimita 20, inua mgongo kama milimita 7 juu ya jiwe, utapata nyuzi 20. Noa upande mmoja hadi uhisi chuma kimejikunja upande wa pili, kisha geuza. Kwa kamba za mashua ishia kwenye jiwe la namba 400. Makali yenye ukwaruzo kidogo hushika kamba kuliko yaliyolainishwa.

Jioni osha kwa maji yasiyo na chumvi kisu kikiwa wazi, kaushe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Bapa lipake mafuta ya nazi. Ya alizeti usiyatie kwenye maungio, huganda kama gundi. Ukifungua na kufunga ukaona maji ya kahawia yanatoka, kutu imeshaingia: jaza mafuta, kunja na kukunjua mara ishirini, pangusa, rudia mpaka mafuta yatoke meupe.