Msuko wa mtoto haushikiliwi na machozi

"Dada, bana vizuri hapo mbele, nataka ikae mwezi mzima." Nimeisikia tena juzi, na safari hii mama alikuwa ameshampa mtoto dawa ya maumivu kabla hawajafika, kana kwamba wamekuja kung'oa jino. Mtoto mwenyewe hajaanza hata darasa la kwanza. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo huku vidole viko kichwani mwa mtu, kwa hiyo naliandika hapa, na atakayeniambia "bana" tena nitampa simu asome.

Imani hii ina pande mbili: kwamba nywele zikivutwa zinakua, na kwamba msuko ukibana ndio unadumu. Ya kwanza naimaliza upesi. Unywele unaouona nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Panapokua ni kwenye shina, ndani ya ngozi, na kuvuta hakuliharakishi shina. Kwa wastani nywele huongezeka kama sentimita moja kwa mwezi, umesuka hujasuka. Kazi ya msuko ni kuzipumzisha: hazichanwi kila asubuhi, hazikatiki ovyo. Ukifumua unaziona ndefu kwa sababu zimenyooka. Zioshe zirudi kujikunja, ndipo ulinganishe.

Hiyo ya pili ndiyo inayoniudhi, kwa sababu ina ukweli nusu. Msuko mlegevu kweli hufumuka. Lakini kukaza kuna sehemu mbili, na watu wengi, wasusi wakiwemo, hawazitenganishi. Kuna kukaza fungu kwa fungu, yaani yale mafungu matatu yashikane yenyewe kwa yenyewe. Halafu kuna kukaza dhidi ya ngozi, yaani kuvuta msuko mzima utoke kichwani. Kinachofanya msuko ukae ni kule kwa kwanza. Kule kwa pili hakuongezi hata siku moja, kunaongeza kilio tu.

Tofauti iko mkononi. Ukisuka mstari wa kulala, vidole vyako viwe chini, karibu kugusa ngozi, na visogee mbele pamoja na mstari. Nywele unazookota ziwe zile zilizo chini ya kidole palepale, kidogo kidogo, kwa kiasi kilekile kila mara. Msusi mwenye haraka huinua mkono juu, anaokota fungu nene kutoka pembeni, kisha analivuta lije katikati. Hapo ndipo vinatokea vile vijilima vya ngozi kwenye njia. Watu huviona wakasifu, "kasuka safi!" Safi ya wapi? Ngozi imeinuliwa. Jaribu hivi: weka kidole juu ya mwanzo wa msuko uusukume kushoto na kulia. Ngozi isogee nao bila mtoto kukunja uso. Kisha mwambie ainue nyusi na atafune hewa. Akisema panja zinavuta, fumua hizo za mbele urudie. Hizo tu, si kichwa kizima.

Na tafadhali msiniambie "maumivu yatapoa baada ya siku mbili". Yakipoa ni kwa sababu kitu kimelegea. Ukiwa na bahati ni msuko. Usipokuwa nayo, ni nywele zimeanza kuachia mashinani.

Mazao ya mchezo huu yanaonekana panja na kwenye ukingo wa mbele. Kwanza ngozi inakuwa nyekundu au inang'aa, vinatoka vipele vidogo mwanzoni mwa misuko, vingine na usaha. Kisha nywele zinapungua, na mara nyingi unabaki ushungi mwembamba wa vinywele pale mbele kabisa, kwa sababu vilikuwa vifupi mno kushikwa na msuko, halafu nyuma yake pako wazi. Mapema hivyo, ukiacha kuvuta, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina linageuka kovu, na kovu halioti nywele, hata upake mafuta gani. Mimi kwa mtoto vile vinywele laini vya mbele siviokoti kabisa. Naanza mstari nyuma yake kidogo, naviacha huru. Mzazi akisema mbele panaonekana pachafu, namwambia paji la uso la mtoto halina haraka.

Kinachodumisha msuko hasa ni maandalizi. Nywele zioshwe, zipakwe kilainishi, zichambuliwe kuanzia ncha kwenda shinani, kisha zikauke karibu zote. Nywele iliyolowa hunyooka kupita kiasi, na ya kipilipili ikikauka hujikunja na kufupika. Ukisuka ikiwa chapachapa kwa mkono mzito, msuko utaendelea kujibana wenyewe usiku, ukiwa umelala. Unyevu kidogo wa kuteleza unatosha. Halafu njia ziwe kali, kwa mkia wa kitana, maana njia iliyopinda ndiyo inayofanya msuko uonekane umechakaa hata kama haujafumuka.

Sasa mapambo, na hapa ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mitindo mitano hivi inatosha kwa mtoto yeyote. Twende kilioni ya mistari minene, sita au saba, ncha zimevishwa shanga. Mabutu ya miraba: gawa kichwa kama ubao wa drafti, kila mraba funga kwa rababendi ya rangi, kisha sokota au acha kibutu kijimwage. Nusu mistari nusu mabutu, mistari ikiishia utosini. Njia ya zigizaga katikati na misuko miwili mikubwa pembeni, ambayo mtu asiyejua kusuka mistari anaimudu. Na taji: msuko mmoja unaozunguka kichwa, lakini uzunguke ndani ya ukingo, si juu yake. Mtindo wa njia ya umbo la moyo unapendeza pichani. Kwa mtoto asiyetulia sikushauri, utaishia kuchora kiazi.

Mnaona kwamba urembo wote huo uko kwenye njia, rangi na umbo. Hakuna hata mmoja unaohitaji nguvu.

Shanga zina hila yake. Ziwe za plastiki nyepesi, chache kwa kila msuko, na msuko wenyewe uwe mnene wa kuzibeba. Ukining'iniza shanga nane kwenye kimsuko chembamba cha pembeni, uzito wote unalivuta shina kila mtoto anaporuka. Anayetia kila kitu mdomoni asivishwe shanga kabisa. Rababendi ikae juu ya nywele iliyopakwa mafuta, na siku ya kutoa ikatwe kwa mkasi mdogo. Ukiivuta itatoka na nywele zake. Usiku kitambaa cha satini. Hili halihitaji hotuba.

Mtaniuliza msuko ukae siku ngapi. Husemwa wiki mbili hadi tatu kwa mtoto, nami nasema hivyohivyo, ila moyoni siiamini sana kalenda. Nimefumua vichwa vya wiki moja vikiwa na mafundo, na vya mwezi vikiwa shwari. Naangalia shina: likishaota kiasi cha kuanza kujisokota na vumbi na mba, muda umekwisha. Hata mafuta ya ngozi, wenzangu wanayahubiri kila siku; naona yanapunguza kukwaruza kwa kitana, zaidi ya hapo sijashawishika.

Siku ya kufumua msishtuke. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku katika hali ya kawaida. Zikiwa ndani ya msuko haziendi popote, zinangoja. Wiki tatu zikipita, hata kwa hesabu ya chini utakuwa na zaidi ya elfu moja, na zitatoka zote kwa mpigo, mkono umejaa. Ziangalie kwa karibu: yenye kichwa kidogo cheupe upande mmoja imedondoka kwa wakati wake. Vipande vifupifupi visivyo na kichwa vimekatika, na hapo muulize aliyesuka. Anza kufumua kutoka nchani, chambua fundo la vumbi pale shinani kwa vidole kabla ya kutia maji, la sivyo linakuwa gundi. Kisha mwache mtoto siku kadhaa na mabutu yake mawili makubwa, yaliyofungwa kwa kitambaa laini, kabla hujamleta tena.